Mtungi Mwekundu wa Masoudi

Mahabusu, Niassa, Msumbiji
9 Februari 2024

Shangazi yangu Asia,

Shikamoo. Assalaam alaykum. Barua hii anakuletea Tunu, yule wa Mbamba Bay anayeuza dagaa wa usipa pande zote mbili za ziwa. Humu ndani simu ni marufuku, ukikutwa nayo wanyapara wanakuvunja vidole, kwa hiyo tutaandikiana kama watu wa zamani. Nisalimie mke wangu Sumaiya na wote wanaoniulizia hapo Mbinga. Mvua za huko zikoje? Kahawa imeshika?

Mimi nipo. Jicho la kushoto limeanza kufunguka. Mbavu zinauma nikicheka, bahati nzuri hakuna cha kuchekesha.

Shangazi, pole. Natafuta neno kubwa zaidi ya hilo silipati. Masoudi alikuwa mwanao, na kwangu alikuwa utingo wa lori, lakini tumekula sahani moja tangu hatujui kunawa. Nakuapia hakuteseka. Pikapu ilitugonga kwa nyuma kwenye ukungu, moto ukawaka, akafa palepale. Hakusikia kitu. Usikae ukawaza mengine.

Sasa shida yangu. Nchi hii dereva wa kigeni lazima awe na pembetatu mbili za kuweka barabarani gari likiharibika, kizibao cha kuakisi mwanga, mtungi wa kuzimia moto na sanduku la huduma ya kwanza. Sisi tulikutwa mikono mitupu. Watu wanne wa pikapu wamekufa, Masoudi wa tano. Mwendesha mashtaka anasema tajiri alinipa vifaa vyote, mimi nikaviuza njiani, kwa hiyo hao watu nimewaua mimi. Wakiamini hivyo nitazeekea humu.

Tajiri ni mumeo. Mwambie Mzee Nurdini aandike maneno machache tu, kwamba lori lake liliondoka Mbinga bila vifaa. Anajua mwenyewe. Naomba sana.

Mwanao,
Ilyasi


Mbinga
17 Machi 2024

Ilyasi,

Marahaba. Wa alaykum salaam. Mvua ni nyingi, barabara ya Mbuji imekatika, kahawa imeshika vizuri. Tunu kanieleza ulivyokonda. Nimempa karanga na sukari akuletee, kama wanyapara wako watakuachia.

Umemaliza salamu? Haya, sasa nisikilize mimi.

Unaniambia Masoudi alikufa palepale kwa moto. Ulidhani walimleta kwenye sanduku lililogongwa misumari nisimwone? Wanaume walinizuia mlangoni, wakaniambia hii si kazi ya mama. Nilimsukuma mmoja akakalia ndoo ya maji ya kuoshea, nikaingia, nikamfunua mwanangu. Mikono imeungua mpaka kwenye viwiko, sawa, huo ni moto. Na kisogo kilichobonyea? Na meno ya mbele? Moto haung'oi meno, Ilyasi. Moto hauachi alama ya mpini mgongoni. Mimi nimemzaa yule, namjua kila mfupa, na nilipopitisha mkono kifuani mifupa ilikuwa inacheza.

Usinifanye mtoto. Nataka kujua nani alimpiga, kwa nini, na alisema nini. Nilikuwepo alipolia mara ya kwanza. Sitakubali nisijue alivyolia mara ya mwisho.

Kuhusu Nurdini. Ameshaandikisha maelezo, tena kwa kiapo, kwamba alikukabidhi kila kitu kikiwa kipya, na wewe ukakiuza ukanywea bia. Bia! Wewe ambaye hata togwa ikichacha unakataa! Uongo wenyewe hauna hata adabu. Nilimuuliza kwa nini. Akapandisha sauti ya redio.

Jibu nilichokuuliza.

Shangazi yako


Mahabusu, Niassa
28 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Karanga nimezipata nusu, sukari sikuiona. Barua ilifika imelowa, Tunu alipigwa na mawimbi karibu na Chiwindi, lakini maneno yako hayafutiki kwa maji. Hukuniambia habari za Sumaiya. Umesahau?

Wiki hii nimepigwa tena. Mmoja wa wale marehemu ana shemeji yake humu, kaingia kwa wizi wa mbuzi. Ananivizia bombani. Juzi alinigongesha uso kwenye sementi, halafu akainama sikioni akaniuliza neno moja tu: pembetatu iko wapi? Kila siku ni hilo hilo, kisha ngumi. Nimeanza kulisikia hata usingizini.

Ngoja nikueleze utaratibu wa mtoni. Madereva wote wa Mbinga na Songea wanaujua, matajiri pia. Kabla hujavuka Ruvuma kuna kibanda cha mama mmoja, Mama Loveth, anakodisha vifaa. Unachukua mtungi, pembetatu, kizibao na sanduku, unavuka, unakaguliwa, unagongewa muhuri. Ukishapita, utingo anarudi navyo kwa miguu, maana lori la nyuma linavisubiri. Vile vifaa vimevuka mto mara nyingi kuliko mimi, lakini havijawahi kulala Msumbiji hata siku moja. Tuliona ni akili. Tulikuwa tunawacheka wanaonunua.

Siku ile Masoudi alivirudisha, akanifuata mbio akirukia mlango wa lori, anaimba. Tukaendelea. Kesho yake asubuhi, kwenye mlima wenye ukungu mzito, difu ikakatika kwenye kona, magurudumu ya nyuma yakakosa nguvu, lori likakwama. Tukafanya tunavyofanya nyumbani, tukakata matawi tukayapanga barabarani. Kwetu ukiona majani barabarani unajua mbele kuna gari limekwama. Lakini kule dhoruba ilikuwa imepita, mlima mzima umejaa matawi yaliyoanguka. Yule dereva wa pikapu alikuwa ameyakanyaga tangu bondeni. Ya kwetu aliyaona ni ya upepo, akayakanyaga pia.

Pikapu iliingia chini ya bodi mpaka kwenye viti. Dereva alikatika shingo. Petroli ikamwagika, ikashika. Masoudi aliingia mara ya kwanza akatoka na mama mmoja, akaingia tena akatoka na mtoto wake, mikono inawaka. Mimi nilikuwa narusha mchanga, na ule mchanga ulikuwa umelowa, unaanguka matope. Waliobaki ndani waliita mpaka wakanyamaza. Shangazi, moto ulianza mdogo. Ulikuwa wa kuzimwa na mtungi mmoja.

Yaliyofuata naomba usiniulize. Si kwamba nakudharau. Kuna mtu nilimkubalia.

Ilyasi


Mbinga
11 Juni 2024

Ilyasi,

Marahaba. Baridi imeingia, watu wanachuma kahawa, Nurdini ananunua, stoo inajaa. Mimi naanika, nachambua, na nanyamaza. Unajua mimi kunyamaza ni ugonjwa.

Nilimsomea hiyo barua yako. Nilimsomea kwa sauti akiwa anakula, nikafika pale mwanawe anaingia motoni mara ya pili. Akaweka tonge chini akasema, "Huyo mpwa wako ni mwongo na muuaji." Nikamwambia basi nionyeshe ulipovinunua vifaa, twende wote dukani kwa huyo mtu. Akanizaba kofi, jino likalegea. Nikamrudishia kwa sufuria ya uji, ya moto. Sasa hivi analala dukani na shavu limechunika. Majirani wanaulizia, anasema ni mvuke wa pasi.

Umenipa ajali nzima, mwanangu mwenyewe umeninyima. Ulimkubalia nani? Ulikubali nini? Kama ni Nurdini amekutisha, sema. Kama ni Masoudi aliyekuomba, basi Masoudi alikuwa mtoto na mimi ndiye mama yake, na ninakufungua kwenye hiyo ahadi. Nakufungua mbele ya Mungu, na dhambi iwe yangu. Haya, andika.

Asia


Mahabusu, Niassa
20 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Hii ni mara ya pili hunijibu kuhusu Sumaiya. Naogopa.

Umenifungua, basi pokea.

Siku tunaondoka Mbinga lori lilikuwa na vifaa. Vipya kabisa. Masoudi ndiye aliyembembeleza baba yake mpaka akanunua, akasema safari hii hatukodi, tuwe kama watu. Ule mtungi mwekundu aliuandika namba ya lori kwa rangi nyeupe, kwa mkono wake, jioni ya kuamkia safari, rangi imemjaa puani. Tulipofika mwisho wa mji, tajiri alitufuata na pikipiki, akatusimamisha. Akasema vitu vya gharama hivi mtaenda kuvijaza vumbi, au mtavipoteza, shusheni, mtakodi mtoni kama wengine. Nadhani usiku alishapiga hesabu akaumia roho. Masoudi akaukumbatia mtungi akakataa. Baba yake akamchapa kofi mbele ya watu wanaosubiri gari. Masoudi akaushusha. Alisema, "Haya, baba."

Sasa mlimani. Watu walitoka mashambani na mipini ya majembe. Walikuta ndugu zao wanaungua na lori la kigeni limekaa kwenye kona. Mmoja alichora pembetatu hewani kwa kidole, anatuuliza iko wapi. Akaichora tena, analia. Masoudi akanyoosha mikono yake iliyoungua, kuwaonyesha kwamba alikuwa anaokoa. Wakaipiga ile mikono. Yule mama aliyemtoa motoni alikuwa chini anapiga kelele wamwache, hakuna aliyemsikia. Mimi nilipigwa nikaangukia mtaroni. Yeye walimzunguka. Alipiga magoti, jiwe likampata mdomoni. Akajaribu kutambaa kuja nilipo, mpini ukampata kisogoni, mmoja, mwingine, wakaendelea hata alipokuwa ameshatulia. Sauti yake sitaiandika.

Kabla hajanyamaza alinishika mguu wa suruali. Alisema, "Usimwambie mama kwamba ni baba." Ndiyo ahadi yenyewe, shangazi. Hakuomba maji, hakukuita. Alikuwa anaogopa nyumba yenu isivunjike.

Wakili niliyepewa na mahakama ni kijana mwenye moyo. Anasema maneno yangu hayatoshi, na yako hayatoshi kwa sababu wewe ni shangazi yangu. Anataka maneno ya tajiri mwenyewe, au kitu kilichothibitishwa na mahakama ya huko. Kesi yangu ni Oktoba.

Ilyasi


Mbinga, mahabusu ya wanawake
2 Septemba 2024

Ilyasi mwanangu,

Marahaba. Umeona anwani yangu? Sasa tuko sawa, wewe na mimi. Hapa chakula ni kizuri kuliko cha kwako, na hakuna anayenivizia bombani. Wananiogopa.

Sumaiya nilikuficha kwa sababu ulikuwa na mapigo ya kutosha. Nurdini alimtoa kwenye ile nyumba yake mliyokuwa mnakaa, mwezi wa pili, vyombo vikatupwa kwenye mvua. Yuko kwao Lundo, mzima, anaanika usipa na mama yake. Anakusubiri, na anamtukana Nurdini vizuri kuliko mimi. Usijipasue moyo.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama. Nilipomaliza sikulia, nakwambia kweli. Nilijiuliza tu, mtu bahili kama yule ataitupa mali mpya? Hawezi. Hata maiti ya mwanawe haiwezi kumfanya atupe kitu kipya. Basi ipo. Nikaanza stoo ya kahawa. Niliangusha magunia, mengine yakapasuka, kahawa ikatapakaa nikawa natembea juu yake. Ukutani kabisa, nyuma ya mizani mbovu, nikavikuta kwenye turubai. Pembetatu, kizibao, sanduku, na mtungi mwekundu. Namba ya lori kwa rangi nyeupe. Saba yake ameipiga kile kimstari alichofundishwa darasa la pili akakataa kukiacha. Nikauweka mapajani nikaupangusa vumbi kwa kanga. Mwanangu alikufa anamficha baba yake, na baba yake alikuwa ameficha hii.

Nurdini akanikuta hapo. Akasimama mlangoni akasema, "Weka hicho chini, Asia. Utaumia."

Nikasema, "Mtu ataumia, kweli."

Akanijia, akanikaba, nikaona giza. Nikauinua mtungi kutoka mapajani, ukampata tayani. Nilisikia linavyovunjika. Akaachia, nikampiga goti, likageukia upande ambao goti haligeukii. Akaanguka kwenye kahawa, anapiga kelele za mtu asiye na taya, hata hazieleweki. Nikauinua tena, safari hii kwa ajili ya kichwa. Nilitaka kumuua, Ilyasi, sikufichi. Niliwaza pale pale alipopigwa Masoudi, kisogoni. Mkono ulikuwa juu. Halafu nikaiona ile namba, na nikakukumbuka wewe. Maiti haihojiwi. Nikaushusha. Usinipambe kwamba ni huruma, haikuwa huruma.

Polisi walikuja, wakanichukua mimi na mtungi. Nurdini yuko hospitali, taya limefungwa nyaya, anakunywa uji kwa mrija.

Sikiliza sasa, maana hapa ndipo penyewe. Ijumaa walikuja wazee wa ukoo wake kutoka Mbamba Bay, na kanzu zao, wamekaa kwenye benchi la polisi wananibembeleza. Mama Masoudi, hili ni jambo la ndani. Mzee Nurdini amekusamehe, ameitikia kwa kichwa. Yaishe nyumbani, tuombe dua, kesi ifutwe, kila mtu achukue kilicho chake aende. Nikawauliza, na mtungi? Wakasema utarudi kwa mwenyewe, Nurdini. Wakatazama chini.

Umeelewa? Nikikubali kusamehewa, leo hii nalala kwangu. Mtungi unarudi kwa Nurdini, kesho uko chini ya ziwa, na wewe unazeeka huko. Nikawaambia mimi sisamehewi. Mkubwa wao akasema nimepagawa, nitafungwa miaka. Nikamwambia ndiyo, na wewe ukirudi nje funga mlango, baridi inaingia.

Kabla wazee hawajaja nilishamtuma Tunu kwa wakili wako. Amejibu kwamba kikishasemwa kwa kiapo mahakamani hapa, na chombo kikaonyeshwa kama kielelezo, ataomba kumbukumbu zote kabla ya Oktoba. Anasema hilo litatosha. Alimuuliza Tunu kama mimi nimeelewa kwamba nitafungwa. Tunu akamjibu, yule mama ndiye anayeomba.

Kesi yangu ni Jumatatu ijayo. Nurdini ataletwa na taya lake, atakaa pale nimwone. Hakimu ataniuliza kama nilimpiga mume wangu kwa chuma hiki. Nitasema ndiyo, nilimpiga, na goti pia nililipiga. Halafu ataniuliza hiki chuma ni cha nani, na kilifikaje stoo. Hapo ndipo ninapopataka. Nitaanza na jioni ile Masoudi alipokuwa anapaka rangi, na sitanyamaza mpaka nifike mtaroni ulipoangukia wewe.

Damu ya Nurdini imeganda juu ya namba, lakini inasomeka yote. Nimewaambia askari wasiioshe.

Ukitoka, usipitie hapa kwanza. Nenda Lundo kwa mkeo, ukaoge ziwani, ule, ulale. Mimi utanikuta.

Shangazi yako,
Asia